Mgonjwa wa ini nyumbani: anzia tumboni, hesabu choo

Naandika hii kwa ajili yako wewe ambae nyumbani kwenu kuna mtu kaambiwa ini lake lina makovu, wengine wanaita sirosisi, wengine wanaambiwa tu "ini limesinyaa", mmerudi na mfuko wa dawa na hamjui pa kuanzia. Mi nimemuuguza baba yangu miaka minne hapa Mwanza, ini lake liliharibiwa na homa ya ini aina ya B na hakuna aliyejua kama anayo mpaka siku tumbo lilipojaa maji. Kuna kitu kimoja nilichelewa sana kukijua, kwamba ini ndo linaumwa lakini kazi yako ya kila siku we unayeuguza ipo utumboni, na nilikijua kwa njia mbaya.

Ilikuwa saa tisa usiku. Baba kaamka, kavaa shati ndani nje, anatafuta funguo za baiskeli aliyoiuza zamani mno, namuuliza baba unaenda wapi saa hizi ananiita kwa jina la shangazi aliyefariki. Ukimwambia nyoosha mikono, viganja vinaanguka na kurudi, vinaanguka na kurudi, kama mtu anayempungia mwenzake. Jirani akasema hiyo malaria imempanda kichwani, mama akataka aitwe mchungaji, kaka akaenda kutafuta dawa ya usingizi (na namshukuru Mungu maduka yalikuwa yamefungwa, nitaeleza kwa nini). Kulipopambazuka tukafika hospitali, nesi mmoja mtu mzima hata kabla hajamshika akatuuliza, "Mara ya mwisho amepata choo lini?" Tukatazamana. Siku nne.

Na ile dawa ya maji tamu aliyopewa, laktulosi, nilikuwa nimemsimamishia mwenyewe. Nilisoma kwenye karatasi yake kwamba ni ya kulainisha choo, nikawaza baba haumwi tumbo, hii inamsumbua tu kwenda chooni usiku, ngoja tupumzike. Yaani niliona nimemuonea huruma.

Sasa kwa nini choo kimpandishe mtu kichwani

Hapa nataka uelewe kabisa, maana ukielewa hapa mengine yote unajikuta unayafanya bila kusukumwa.

Damu yote inayotoka utumboni hairudi moyoni moja kwa moja, inapita kwanza kwenye ini kupitia mshipa mkubwa unaoitwa mshipa wa pota. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inatokea huko. Kwa hiyo chochote utumbo ulichonyonya, kizuri na kibaya, ini ndo linakipokea mlangoni. Na utumboni humo wanaishi bakteria, wengi mno, idadi yao inakaribiana na idadi ya chembe hai zote za mwili wako. Wengi ni wema, wanasaga nyuzinyuzi za chakula tusizoweza kusaga wenyewe na wanautunza ukuta wa utumbo. Ila wakati wa kusaga protini wanatoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, na wale wanaokufa wanaacha vipande vya maganda yao. Ini zima likipokea amonia linaigeuza kuwa yurea, inatoka na mkojo, na yale maganda linayasafisha, mwenye ini hata hajui kama kuna kazi imefanyika.

Ini likijaa makovu damu inashindwa kupita vizuri, presha kwenye mshipa wa pota inapanda. Hii sio ile presha ya mkononi, usizichanganye, mtu anaweza kupimwa mkono presha ikawa ya chini kabisa huku ya kwenye ini ipo juu. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ya ini ipo kati ya milimita 1 na 5 za zebaki, ikifika 10 mambo yameanza kuharibika, maji yanaweza kujaa tumboni, na ikifika 12 ile mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula inaweza kupasuka. Damu iliyozuiwa inajitafutia njia za pembeni, bandama linavimba, na njia hizo za pembeni zinalikwepa ini kabisa, kwa hiyo amonia inapanda kichwani bila kusafishwa na mtu. Ndo pale mzee anavaa shati ndani nje.

Alafu kuna mzunguko mbaya ambao daktari mmoja alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo, nikaelewa ndani ya dakika tano kitu nilichokuwa sikielewi mwaka mzima. Presha ikipanda, ukuta wa utumbo unavimba kama miguu inavyovimba, unalegea, unaanza kuvuja. Bakteria na maganda yao wanapenya kwenda kwenye ini, askari wa ini, yaani chembe zake za kinga, wakiyaona wanawasha moto, ule moto unazidisha makovu, na kemikali zinazotolewa zinatanua mishipa ya tumboni, damu nyingi zaidi inamwagika kwenye ule mshipa wa pota ambao tayari umeziba. Presha inapanda tena. Utumbo unavuja tena. Juu ya hapo ini bovu linatoa nyongo kidogo, na nyongo ndo moja ya vitu vinavyowadhibiti bakteria wakorofi, kwa hiyo wema wanapungua na wakorofi wanaongezeka. Ukimuuguza mgonjwa wa ini unajaribu kuukata huo mzunguko mahali popote mkono wako unapofika, na mkono wa mtu wa nyumbani unafika jikoni na chooni.

Laktulosi, na jinsi ya kuhesabu

Laktulosi ni sukari ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuisaga. Inapita mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanaila, wakiila wanatoa asidi. Kwenye asidi ile amonia inabadilika inakuwa aina isiyoweza kurudi kwenye damu, inabaki humo na inatoka na choo. Mtu wa kwanza kuitumia kwa wagonjwa wa ini ni Johannes Bircher na wenzake mwaka 1966 na hadi leo ndo dawa ya kwanza anayopewa mgonjwa wa namna hii. Kwa hiyo sio "dawa ya tumbo kufunga" tu. Dawa ile inalinda kichwa, inaingilia tumboni.

Lengo ni choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku, hili liandike ukutani. Madaktari wengi wanaanza na mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, ila kipimo cha mgonjwa wako ni kile alichoandikiwa, alafu kinapanda na kushuka kufuatana na choo, na hapo ndo utamu wake, kwamba we unayehesabu ndo unayejua. Siku akipata mara moja tu, au hajapata kabisa mpaka jioni, unaongeza kwa namna daktari alivyokuelekeza. Akienda mara nne, tano, choo ni maji matupu, unapunguza, na usione ni sifa kwamba dawa inafanya kazi sana, maana kuharisha kunakausha mwili, potasiamu inashuka, figo zinaumia na mgonjwa anachanganyikiwa vilevile. Muulize daktari mapema kabisa, siku ya kwanza: akipata mara moja niongeze kiasi gani, akipata mara tano nipunguze kiasi gani. Aandike.

Kuhusu aibu. Baba yangu ni mtu mzima, kumuuliza mbele ya wajukuu "baba umepata choo?" ilikuwa inamuumiza, na akawa anajibu "nimepata" hata kama hajapata ili nimuache. Tulichofanya, nilimwekea kalenda nyuma ya mlango wa choo na penseli imefungwa kwa uzi, kila akienda anachora mstari mmoja mwenyewe. Hakuna anayemuuliza. Jioni mi naenda kuangalia mistari. Tangu tuweke ile kalenda hajawahi kurudi hospitali kwa kuchanganyikiwa. Ladha ya dawa kama inamchefua, changanya na maji au juisi kidogo, gesi na tumbo kunguruma vinakuwepo wiki za mwanzo alafu vinapungua.

Kama bado anachanganyikiwa hata akiwa anatumia laktulosi, ipo rifaksimini, hii ni antibayotiki inayobaki utumboni karibu yote haiingii kwenye damu, na utafiti uliotoka 2010 kwa wagonjwa 299 ulionyesha inapunguza sana kurudi kwa hiyo hali. Ni ghali, nasema ukweli, na famasi nyingi hawana. Uliza, ila usiache laktulosi ukiisubiri.

Namna ya kumkamata mapema kabla hajazidiwa

Mara nyingi kuchanganyikiwa hakuji ghafla kama wengi wanavyodhani. Kunaanza na usingizi kugeuka, mchana analala usiku macho makavu. Anakuwa mkali kwa vitu vidogo, anasahau alichoagiza, mwandiko unaharibika. Mi nafanya vitu viwili. Cha kwanza namwambia anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, viganja vimeinuliwa kama anamsimamisha dereva wa daladala, anakaa hivo nusu dakika, viganja vikianza kudondoka na kurudi nampigia daktari siku hiyohiyo. Cha pili ni mchezo wa wanyama. Unaweka simu dakika moja, unamwambia nitajie wanyama wengi uwezavyo, unahesabu kwa vidole. Hiki ni kipimo kweli madaktari wanakitumia, chini ya 10 ndani ya dakika ni dalili mbaya, 15 na kuendelea ni vizuri. Baba siku nzuri anataja 17, 18, na samaki wote wa ziwani anataka wahesabiwe, sato, sangara, kamongo, mumi, na sisi tunamkubalia. Siku akikwama baada ya ng'ombe, mbuzi, kuku, kuku... naenda moja kwa moja kuangalia ile kalenda ya mlangoni.

Na ukiona amebadilika usimalizie kwenye choo tu. Jiulize je ana homa, je choo ni cheusi, je ameharisha au kutapika, je kuna mtu amempa dawa mpya. Hapo ndo kuna kisa cha dawa ya usingizi: vidonge vya usingizi kama diazepamu kwa mgonjwa wa ini aliyekosa usingizi kwa sababu ya amonia vinaweza kumlaza moja kwa moja asiamke. Usingizi wake unatibiwa kwa kumtoa ile sumu tumboni.

Chakula, na hapa kuna kosa kubwa

Watu watakuambia asile nyama, asile maharage, asile mayai, apewe uji na matunda tu. Hili lina historia. Mwaka 1877 Mrusi anaitwa Nikolai Eck aliunganisha mshipa wa pota wa mbwa na mshipa mkubwa unaorudi moyoni, damu ya utumbo ikawa inaliruka ini. Mwaka 1893 mwanasayansi Pavlov na wenzake kule St Petersburg wakaona mbwa wa namna hiyo wakila nyama wanayumba, wanakuwa wakali, wanapoteza fahamu. Kuanzia hapo madaktari duniani kote wakawa wanawanyima wagonjwa wa ini protini kwa miaka mingi sana. Baadae ikaonekana wagonjwa wanakonda, misuli inaisha, na wanakufa haraka, na mwaka 2004 madaktari wa Barcelona wakawapima wagonjwa waliochanganyikiwa, nusu wananyimwa protini nusu wanakula kawaida, waliokula hawakudhurika na walionyimwa hawakupata faida yoyote. Kitu muhimu zaidi ni kwamba misuli nayo inasafisha amonia. Mgonjwa wa ini akikonda mapaja na mikono anapoteza msaidizi wa ini lake.

Kwa hiyo mlishe. Kiasi kinachoshauriwa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, bila kuhesabu uzito wa maji ya tumboni, yaani mtu wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 72 na 90 kwa siku. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Protini za mimea na maziwa zinavumilika vizuri zaidi kuliko nyama nyekundu, maana maharage, choroko, kunde na dengu zinakuja na nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndo chakula cha bakteria wema, tena zinalainisha choo. Kwetu mchana ni maharage au choroko na mboga za majani, jioni sato wa kuchemsha au dagaa waliooshwa vizuri mchanga wote ukatoka. Mtindi unamfaa sana, ila uwe umetengenezwa na maziwa yaliyochemshwa, maana kinga yake ni ndogo na maziwa mabichi yanabeba bakteria ambao mwenye ini zima angewashinda. Kwa ndugu zetu wa pwani, chaza na dagaa wa baharini wabichi au walioiva nusu hapana kabisa.

Usiku usimlaze na njaa. Mwili wenye ini bovu hauna akiba ya sukari, usiku mmoja bila kula kwake ni kama siku mbili tatu kwetu, unaanza kula misuli. Kabla ya kulala apate kitu, uji wa ulezi wa maziwa, au ndizi za kuiva na mkate, au viazi vitamu. Baba anakula saa nne usiku na asubuhi mapema anapata chai na kitu cha kutafuna hata kabla hajanawa. Kwa wanaofunga Ramadhani, ongeeni na daktari kabla mwezi haujaandama, na kama ini lake limefikia kuwa na maji tumboni au alishawahi kuchanganyikiwa, mwambieni kwa upendo kwamba mgonjwa ana ruhusa.

Chumvi, kama ana maji tumboni, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima na hapo unahesabu na iliyomo kwenye mkate. Wengi tunadhani tumepunguza kwa sababu hatuweki chumvi mezani, kumbe kwenye maharage tumeweka magadi ili yaive haraka, kwenye mlenda magadi, kwenye mchuzi viungo vya pakiti. Magadi ni sodiamu ileile. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha bila magadi, tia kitunguu, tangawizi, limao na nyanya, baada ya wiki mbili ulimi unazoea. Mahindi na karanga zenye ukungu usimpe hata kama umeosha na kukaanga, sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni, na mtu mwenye homa ya ini B akila sumukuvu hatari ya saratani ya ini inakuwa kubwa zaidi.

Pombe ni sifuri. Sio "kidogo siku ya harusi". Pombe inafungua ukuta wa utumbo na inabadilisha bakteria wenyewe. Mwaka 2019 ilichapishwa kwamba kuna aina ya bakteria, Enterococcus faecalis, inayotoa sumu inayoua chembe za ini, na wagonjwa wa ini la pombe waliokuwa nayo walikufa kwa wingi zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa China wakaonyesha aina ya Klebsiella inayotengeneza pombe ndani ya utumbo wa mtu asiyekunywa kabisa na kumjaza mafuta kwenye ini. Kwa hiyo ukimuona mtu ana ini la mafuta usikimbilie kumhukumu kwamba anakunywa kwa siri.

Dawa za duka la kona

Zisogeze mbali kabisa diklofenaki, brufeni na aspirini, zinaumiza figo na zinaleta damu tumboni. Akiumwa kichwa apewe panadol, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Watu wanashangaa, panadol si ndo mbaya kwa ini? Kwa kiasi hicho ni salama kuliko hizo nyingine.

Omeprazo. Hii ndo inaniuma kwa sababu kila nyumba ina omeprazo, mtu akisikia tumbo linawaka anakunywa miezi. Asidi ya tumbo ni mlinzi, inaua bakteria wanaoingia na chakula. Ukiizima muda mrefu kwa mgonjwa wa ini, bakteria wanapanda mpaka utumbo mdogo, na wanaozitumia wanaonekana kupata maambukizi ya maji ya tumbo na kuchanganyikiwa zaidi. Kama kaandikiwa kwa kidonda cha tumbo au baada ya kufungwa ile mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, amalize muda wake. Kama anakunywa kwa mazoea, muulizeni daktari kama anaihitaji.

Antibayotiki za kununua bila kipimo nazo zinaua wema na kuacha wakorofi sugu. Na zile dawa za kusafisha ini zinazouzwa kwenye chupa za maji, najua zinaletwa na watu wanaotupenda, hata sisi shangazi alikuja nazo kutoka mbali. Tulimshukuru, tukala nae chakula, tukaiweka ile chupa pembeni. Ini lililobaki robo halina nguvu ya kujaribiwa majani yasiyojulikana kipimo.

Propranololi au kavedilolo kama kaandikiwa ni za kushusha ile presha ya mshipa wa pota, na propranololi inafanya utumbo usukume chakula haraka kidogo, bakteria wanakosa muda wa kuzaliana. Asiache ghafla eti presha ya mkononi ni nzuri. Ila akisikia kizunguzungu, au ile namba ya juu ya presha ya mkononi ikisoma chini ya 90, piga simu.

Siku za kukimbia hospitali

Maji ya tumboni yanaweza kuingiliwa na bakteria waliovuja utumboni, bila kidonda, bila kutobolewa, E. coli na Klebsiella ndo wanaoongoza. Baba mara ya pili kulazwa ilikuwa hivi, na hakuwa na maumivu makali, alikuwa na homa kidogo tu na hamu ya kula ikakata, tukasema mafua. Homa yoyote kwa mwenye maji tumboni, au tumbo kuuma, au kuchanganyikiwa ghafla, au mkojo kupungua, unakwenda siku hiyohiyo na unauliza swali moja kwa heshima: "Daktari, maji ya tumbo yamepimwa?" Yanavutwa kwa sindano, zikihesabiwa chembe nyeupe aina ya neutrofili zikazidi 250 kwenye milimita moja ya ujazo anaanzishiwa antibayotiki ya mshipa bila kusubiri. Aliyewahi kupata mara moja ana hatari ya kupata tena, uliza kuhusu dawa ya kuzuia.

Akitapika damu, au choo ni cheusi kinang'aa kama lami na kinanuka vibaya (vidonge vya madini ya chuma navyo vinafanya choo cheusi, lakini usibahatishe), mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, tafuta gari. Damu ile ikishuka utumboni ni protini tupu kwa bakteria, amonia inapanda, ukuta unazidi kuvuja, ndo maana hospitali anapewa antibayotiki kama seftriaksoni gramu 1 kwa siku hata kama hana homa, ni sehemu ya kumuokoa na usishangae. Alafu anahitaji endoskopi, kile kipimo cha mpira wenye kamera, mishipa inafungwa kwa vipira vidogo. Bugando hapa Mwanza wanafanya, Muhimbili wanafanya, KCMC wanafanya. Kama unaishi kisiwani au kijijini, jua leo nani ana gari au boti na namba yake iwepo ukutani.

Kwa sisi wa ziwani kuna jambo la nyongeza. Wengi wanaotapika damu huku hawana sirosisi kabisa, wana kichocho cha tumbo. Mayai ya yule mnyoo yanabebwa na damu kutoka utumboni, yanakwama kwenye matawi ya mshipa wa pota, yanaacha makovu magumu kama mirija ya udongo, alivyoyaeleza daktari Symmers mwaka 1904. Ini lenyewe linabaki na nguvu zake kwa muda mrefu, kwa hiyo anaweza kuwa kijana mvuvi mwenye mwili mzuri tu, bandama kubwa, siku moja anatapika beseni la damu. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, inaua minyoo ila makovu makubwa hayarudi nyuma kirahisi, kwa hiyo anayeoga na kuvua ziwani mwenye bandama lililovimba apigwe altrasaundi ya tumbo kabla damu haijatoka.

Kupandikizwa choo, maana nimeulizwa

Ni kweli wapo wanaotibu kwa kuhamisha choo cha mtu mwenye afya kwenda kwa mgonjwa, Jasmohan Bajaj na wenzake kule Virginia wamejaribu kwa wagonjwa wa ini na matokeo ya mwanzo yalikuwa na matumaini. Lakini mwaka 2019 Marekani wagonjwa wawili walipata bakteria sugu kutoka kwenye choo walichopewa, mmoja akafariki, na ilikuwa hospitali yenye kila kitu. Tafadhali, tafadhali, mtu asijaribu nyumbani. Vidonge vya bakteria wema vya famasi navyo havichukui nafasi ya laktulosi, hiyo hela nunua mayai na choroko.

Daftari

Kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, baba anapanda mzani, nguo zilezile. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya wiki maji yanarudi. Mstari mmoja kwa siku unatosha, na kliniki daktari akiliona lile daftari anaacha kukuuliza maswali ya kubahatisha. Wa juzi unasomeka hivi: Jumanne, kilo 58, choo mara 3 laini rangi ya kahawia, laktulosi asubuhi na usiku, wanyama 16, kalala vizuri, kala sato nusu na ugali, usiku uji na ndizi mbili, hana homa, kauliza habari za baiskeli lakini alikumbuka mwenyewe kwamba aliiuza.